Mlango, simu na daftari: namna ya kuendesha kliniki ya daktari wa familia wakati wa mlipuko

Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotamka kuwa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, madaktari wa familia walikuwa na siku chache tu za kupangua utaratibu waliouzoea: mgonjwa anaingia, anaketi kwenye benchi bega kwa bega na wenzake, anangoja jina lake liitwe. Benchi hilo ndilo lililogeuka kuwa hatari. Anayekohoa, mjamzito aliyekuja kupimwa na mzee mwenye kisukari walikuwa wakivuta hewa moja kwa saa nzima.

Kliniki inayokabiliwa na ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwatenganisha watu kabla hawajaingia. Ya pili ni kutompoteza yule aliyeambiwa abaki nyumbani. Ile ya kwanza ilishughulikiwa haraka kwa sababu iliwagusa wahudumu wenyewe. Ya pili ndiyo iliyolegalega, na huko ndiko wagonjwa walikozidiwa vitandani mwao huku wakidhani wanaendelea vizuri. Ndiyo maana simu na daftari vimepewa hapa nafasi kubwa kuliko gauni na glavu. Kwa kipindupindu au Ebola mpangilio ni mwingine kabisa. Usiyachukue haya ukayapeleka huko.

Kabla ya yote: nani atalipia simu?

Swali hili huonekana la kihasibu, lakini ndilo linaloamua kama mabadiliko yatadumu. Australia iliruhusu bima yake ya taifa, Medicare, kulipia huduma za simu na video kuanzia tarehe 13 Machi 2020. Marekani ilitangaza tarehe 17 Machi kwamba haitawaadhibu madaktari wanaotumia programu za kawaida za video kuwahudumia wagonjwa kwa nia njema. Uingereza nayo, mwezi huohuo, iliwataka madaktari wa familia wamsikilize kila mgonjwa kwa mbali kwanza kabla ya kumwita. Bila uamuzi wa namna hiyo, kliniki inayoishi kwa malipo ya anayeingia mlangoni itarudi kwenye benchi ndani ya wiki moja. Waulize watu wa bima na mamlaka ya afya mapema, na majibu yao uyapate kwa maandishi.

Mlango unaanzia kwenye simu

Kanuni ni moja: hakuna anayeingia kabla hajaongea na mtu. Tenga namba moja ya kupokelea simu na nyingine ya kupigia. Kliniki zenye laini moja hujikuta daktari anaongea na mgonjwa kwa dakika kumi huku wengine ishirini wakisikia kuwa namba inatumika.

Mhudumu wa mapokezi asiachiwe kubahatisha. Mpe kadi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ikianza na dalili za hatari:

– Anashindwa kumaliza sentensi bila kukatika pumzi.
– Midomo imekuwa ya buluu au ya kijivu.
– Amechanganyikiwa, au anasinzia na haamki kirahisi.
– Kifua kinauma kwa kubana.

Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo linafunga kadi. Mhudumu haulizi zaidi wala haandiki miadi. Anampa daktari simu hapohapo au anaita gari la wagonjwa. Kosa la kawaida ni kuanza na jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya bima, kisha dalili ya hatari ikajitokeza dakika ya sita. Unachohitaji mwanzoni ni namba ya simu na mahali mgonjwa alipo wakati huo, maana aliyezidiwa anaweza kuzimia kabla simu haijakatwa.

Pakiwa hakuna hatari, kadi inaendelea: homa, kikohozi, kupoteza harufu au ladha, kukaa na mtu aliyeugua. Hapo mpigaji anaangukia kundi mojawapo kati ya matatu: atapigiwa simu na daktari, aje saa za wasio na dalili za kifua, au aje saa za wenye dalili hizo.

Wapo wasio na simu, wasiosikia vizuri, na wasiojua kuwa utaratibu umebadilika. Mweke mtu nje, kivulini, umbali wa mita 2, akiwa na kadi ileile. Kazi yake ni kuelekeza. Ikigeuka kuwa ya kufukuza watu, kliniki imekosea.

Kusikiliza pumzi kwa simu

Daktari anapompigia mgonjwa, ahakikishe anaongea na mwenyewe: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, alinganishe na faili. Uliza pia nani yuko karibu naye. Kuna wanaopigwa majumbani ambao hawawezi kusema lolote mbele ya anayewapiga. Hao waulize maswali yanayojibika kwa "ndiyo" au "hapana", kisha tafuta sababu ya kitabibu ya kuwaita waje wenyewe.

Swali la kwanza la ugonjwa liwe: leo ni siku ya ngapi tangu dalili ya kwanza? Wengi wa waliozidiwa na UVIKO-19 walibadilika kati ya siku ya 5 na ya 10. Anayesema "nina homa na kikohozi" siku ya 2 na anayesema maneno hayohayo siku ya 8 hawako mahali pamoja. Andika siku ya kwanza ya dalili juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ataisahau, na daktari atakayepokea zamu ataihitaji.

Usiulize "unapumua vizuri?" Salamu zimetuzoesha kusema "sijambo" hata tukiwa hoi, na swali la namna hiyo huvuta jibu la namna hiyo. Mwombe aeleze kupumua kwake kwa maneno yake, kisha nyamaza usikilize kama anakatisha sentensi ili avute hewa. Halafu uliza: jana ulifanya nini ambacho leo kimekushinda? Aliyekwenda msalani mwenyewe jana na leo anashikwa mkono amekueleza mengi kuliko kipimo. Mtindo wa kumwambia mgonjwa ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja ulienea sana mwaka 2020, lakini wataalamu wa Oxford walionya kwamba hautabiri kwa uhakika kiwango cha oksijeni. Usiutumie kumtuliza mtu.

Simu ya sauti inatosha kwa mambo mengi. Hamia kwenye video kwa mwenye shida ya kupumua, kwa mtoto na kwa vipele. Mwambie aegemeze simu mezani ili kifua kionekane, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia unachohesabu, kwani anayejua hubadilisha mwendo. Mtu mzima mtulivu hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25, aonwe siku hiyohiyo; akizidi 30, ugonjwa ni mkali na anahitaji hospitali. Kwa mtoto, vipimo vya kupumua haraka ni 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Yapo yasiyofaa kumalizwa kwa simu hata mlipuko uwe mkali namna gani: maumivu makali ya tumbo, homa kwa mtoto wa chini ya miezi 3, kutokwa damu kwa mjamzito, uvimbe mpya, ganzi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Ongeza na hili, ambalo lina thamani kubwa: anayepiga mara ya tatu kwa tatizo lilelile aonwe ana kwa ana. Simu mbili zilizotuliza bila kuponya ni dalili yenyewe.

Oksimita nyumbani

UVIKO-19 ulileta jambo lililowashangaza wengi: mtu anaongea, anakunywa chai, na oksijeni yake imeshuka vibaya bila yeye kuhisi. Kwa hiyo kliniki zilianza kuwaazima wagonjwa oksimita, kile kidude kinachobana kidole. Kumkabidhi mtu bila kumfundisha ni kupoteza kifaa. Mwelekeze hivi: apumzike dakika 5, apashe mkono moto, afute rangi ya kucha, aweke mkono kifuani bila kuutikisa, angoje namba itulie kwa sekunde 5, ndipo aandike. Afanye hivyo mara tatu kwa siku, kwa kidole kilekile. Baridi, rangi ya kucha na mkono unaotetemeka ndiyo vyanzo vya namba nyingi za ajabu zinazoripotiwa usiku. Programu za simu zinazodai kupima oksijeni kwa kamera zisitegemewe.

Kwa mtu mzima ambaye mapafu yake hayakuwa na ugonjwa wa awali, mpangilio uliotumika Uingereza unaeleweka kwa urahisi: asilimia 95 na kuendelea, abaki nyumbani; 93 au 94, apige simu kliniki siku hiyo; 92 au chini, ni dharura. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu awe na namba yake mwenyewe, iliyoandikwa kwenye faili.

Anayesoma 96 au zaidi akiwa ametulia lakini analalamika kuchoka anaweza kutembea hatua 40 ndani ya nyumba, mtu akiwa karibu naye, kisha apime tena. Ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, anahitaji kuonwa. Aliye chini ya 96 asipewe jaribio hili akiwa nyumbani.

Jambo hili lisisahaulike kamwe mahali penye watu weusi: oksimita huwapendelea weupe. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba, kifaa kiliposoma 92 hadi 96, wagonjwa weusi 11.7% walikuwa na oksijeni ya chini sana kwenye damu, dhidi ya 3.6% kwa weupe. Kwa ngozi nyeusi, angalia mteremko kuliko namba moja: aliyetoka 98 hadi 94 kwa siku mbili anashuka, hata kama 94 yake haitishi.

Daftari la walio nyumbani

Hiki ndicho chombo ambacho kliniki nyingi zilikikosa, na hakihitaji umeme. Piga mistari: jina, umri, siku ya kwanza ya dalili, magonjwa mengine, namba yake, namba ya mtu wa karibu, oksijeni, tarehe ya kupigiwa, sahihi ya aliyepiga. Kila asubuhi jina moja la mhudumu liandikwe juu ya ukurasa. Huyo ndiye mwenye daftari siku hiyo. Daftari la wote huwa halina mwenyewe.

Mwenye umri mkubwa, kisukari, unene uliopita kiasi, ugonjwa wa moyo, figo au mapafu, mjamzito na mwenye kinga dhaifu wapigiwe kila siku kuanzia siku ya 5 hadi ya 10. Wengine watosheke na simu siku ya 3, ya 7 na ya 10. Asiyepokea apigiwe tena baada ya saa moja, kisha apigiwe mtu wake wa karibu. Kukiwa kimya bado, mtu aende nyumbani kabla jua halijazama. "Hakupokea" isiwe neno la mwisho kwenye mstari wa mtu. Jina hufutwa kwa sahihi ya daktari tu.

Kila simu imalizike kwa maagizo yaleyale: ukiona pumzi inakatika, midomo inabadilika rangi au mtu anachanganyikiwa, usingoje simu yetu. Mwombe anayemuuguza ayarudie kwa maneno yake. Akiyarudia vibaya, tatizo ni maelezo yako, yarudie upya.

Daftari hilo pia huzuia dawa zisizohitajika. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha Juni 2020 kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, iliokoa maisha ya waliokuwa wakipewa oksijeni hospitalini, lakini haikuwafaa wasiohitaji oksijeni. Bado watu walianza kuimeza nyumbani siku ya 2. Jaribio jingine la huko, PRINCIPLE, lililofanyika kwa wagonjwa wa madaktari wa familia, halikuona faida ya maana ya antibiotiki za azithromaisini wala doksisaikilini kwa waliougulia nyumbani. Kila anayepiga simu, muulize anameza nini.

Chumba na hewa yake

Ukiwa na milango miwili, mmoja uwe wa wenye dalili za kifua. Ukiwa na mmoja, gawanya saa: chanjo za watoto na wajawazito asubuhi kabisa, wagonjwa wengine wasio na dalili za kifua baadaye, wenye kikohozi mwisho wa siku. Ondoa mapazia, magazeti na viti vya kitambaa. Wakati wa kusubiri, watu wakae nje, waitwe kwa simu.

Hewa inataka hesabu. Chumba kinachobadilisha hewa yake yote mara 2 kwa saa huchukua takriban dakika 138 kuondoa 99% ya chembe zinazoelea. Ikibadilika mara 6, ni dakika 46; mara 12, dakika 23. Kwa hiyo dirisha moja lililofunguliwa nusu haliruhusu mgonjwa mwingine baada ya dakika tano. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Kama yapo ya upande mmoja tu, weka feni dirishani ipulize kwenda nje. Mgonjwa akae karibu na hewa inapotokea, daktari akae inapoingilia; feni ya mezani inayompiga mgonjwa usoni na kumwelekea daktari ni kosa lililoonekana mara nyingi. Kipima kaboni dioksaidi kikisoma zaidi ya 800 (sehemu kwa milioni, ppm), watu wamezidi au hewa haitoshi. Nje husoma kama 420.

Acha nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu, kwa wenye pumu, kwa sababu inatawanya ukungu huo chumba kizima. Tumia inhela (kikopo cha dawa ya kuvuta) na speisa (chombo kinachoshika dawa kabla mgonjwa hajaivuta). Pasipo na speisa ya dukani, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 inafaa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba, ikizibwa vizuri, iliwasaidia watoto wenye shambulio la pumu sawa na ya dukani. Toboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela, ziba pembeni kwa gundi au plasta ili hewa isivuje. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inaganda kwenye kuta zake. Bonyeza inhela mara moja moja, dawa ya kila mbonyezo ivutwe kwa pumzi tano za kawaida, jumla mibonyezo 4 hadi 10. Kila mgonjwa na chupa yake.

Kwa nyuso za meza na vitasa, safisha kwanza kwa sabuni, maana uchafu huua nguvu ya klorini. Kisha tumia klorini 0.1%: ukiwa na dawa ya 5%, changanya mililita 20 na maji mililita 980. Kwa damu iliyomwagika tumia 0.5%, yaani mililita 100 kwa maji mililita 900. Changanya upya kila siku, kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na usichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye amonia au asidi; gesi inayotoka huumiza mapafu. Usinyunyizie watu.

Vitakasa mikono vilipoadimika, waliofuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani walijitengenezea lita 10 kwa etanoli ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliserini ya 98% mililita 145, na maji yaliyochemshwa yakapoa kujaza hadi lita 10. Iache imefunikwa saa 72 kabla ya kutumia, ili vijidudu vigumu vilivyokuwamo chupani vife. Wengi walizidisha maji. Kilevi kikishuka chini ya 60% kinapoteza sehemu kubwa ya kazi.

Kuhusu mavazi, kinachoambukiza zaidi ni kuvua. Toa glavu, kisha gauni, safisha mikono, toa miwani, toa barakoa mwisho kwa kushika kamba zake, safisha mikono tena. Barakoa ya N95 isiyobana uso, au iliyovaliwa juu ya ndevu, haichuji kwa kiwango kilichoandikwa.

Wafanyakazi

Gawa timu mbili zisizokutana, hata kwa chakula. Chumba cha kulia ndicho kilichofunga kliniki nyingi, kwa sababu huko barakoa hutolewa na mazungumzo hunoga.

Chanjo

Zikifika, soma karatasi ya chanjo hiyo hasa. Chupa ya toleo la kwanza la chanjo ya Pfizer ilihitaji mililita 1.8 za maji ya chumvi, ikatoa dozi 6 za mililita 0.3, zitumike ndani ya saa 6. Dozi ya sita ilipotea kila sindano zilipokuwa za kawaida zenye nafasi ya kubakiza dawa. Weka orodha ya wa akiba wanaoweza kufika ndani ya nusu saa. Baada ya sindano watu wakae dakika 15 mbele ya macho ya mhudumu, na adrenalini iwe mezani kwa ajili ya mzio mkali: mtu mzima mililita 0.5 ya 1:1000 kwenye misuli ya paja, irudiwe baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika.

Wasiopiga simu

Simu ikiacha kulia kwa ajili ya presha, kifafa na kliniki ya watoto, usidhani watu wamepona. Mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia. Toa orodha kutoka kwenye mafaili: kisukari, presha, pumu, kifafa, wanaotumia dawa za VVU, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 2. Anza na wale waliokuwa wakija kila mwezi kisha wakanyamaza.

Waliotulia waandikie dawa za miezi mitatu, isipokuwa wale ambao dawa nyingi nyumbani ni hatari kwao, kama wenye mawazo ya kujiua. Mwenye presha apime nyumbani mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, akiwa ameketi, kwa siku 7. Siku ya kwanza itupwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Wastani wa 135/85 nyumbani ni sawa na 140/90 ya kliniki, kwa hiyo usitumie kipimo cha kliniki kumhukumu. Mtoto aliyekosa chanjo aletwe saa ya kwanza ya asubuhi, na mama aambiwe wazi kwamba saa hiyo hakuna mwenye kikohozi ndani. Wengi walibaki nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.